Kilichotoka Baharini Kisianikwe: Jinsi Mabaki ya Kale Yanavyohifadhiwa Fort Jesus

Mizinga, mitungi na vipande vya sahani za Kichina vinavyoonekana Fort Jesus, Mombasa, havikutoka ardhini wala baharini vikiwa na sura hiyo. Kuchimba na kuzamia ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni uhifadhi, na ndiyo inayoamua iwapo kitu cha kale kitadumu au kitageuka vumbi. Wakazi wa pwani wana sehemu yao katika kazi hiyo.

Ngome na udongo wake

Wareno walianza kujenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa Bandari ya Kale. Wakati huo Mombasa tayari ilikuwa mji wa Waswahili uliofanya biashara ya ng'ambo kwa karne nyingi. Waomani waliiteka ngome Desemba 1698. Waingereza nao waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Gereza lilipofungwa, mwanaakiolojia James Kirkman alianza uchimbaji, na mwaka 1962 makavazi yakafunguliwa. Mwaka 2011 UNESCO iliorodhesha ngome hiyo kuwa Turathi ya Dunia.

Uchimbaji wa aina hii hufuata tabaka za udongo. Kitu kilicho chini kwa kawaida ni cha zamani kuliko kilicho juu yake. Kigae cha chungu cha wenyeji kikipatikana tabaka moja na kigae cha sahani ya China, wataalamu hujua kwamba vyombo hivyo vilitumika kipindi kimoja. Kigae hichohicho kikiokotwa na kupelekwa nyumbani, hubaki kipande cha chombo tu, kwa kuwa habari ya mahali pake imepotea.

Meli iliyozama chini ya ngome

Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696. Manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, India, ilitumwa kuwasaidia waliozingirwa, lakini ikazama karibu na ngome mwaka 1697. Mabaki yake yaligunduliwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wataalamu wa akiolojia ya baharini kutoka ng'ambo, wakiongozwa na Robin Piercy, waliichunguza na kutoa vitu vingi. Maabara ya uhifadhi iliwekwa ndani ya Fort Jesus kwa ajili ya kazi hiyo.

Kiunzi cha meli chenyewe hakikutolewa. Mbao zilipimwa, zikachorwa, kisha zikafunikwa tena palepale chini ya bahari. Tope lilikuwa limezilinda kwa karibu miaka 300, kwa sababu ndani yake hewa ni haba na wadudu wanaokula mbao hawaishi. Kuzitoa bila uwezo wa kuzihifadhi zote kungekuwa kuziangamiza.

Hatari huanza kitu kinapokauka

Chuma kilichokaa baharini hunyonya chumvi hadi ndani. Kikianikwa, chumvi hiyo na hewa hukila kwa kasi, nacho hupasuka na kubanduka maganda. Kwa hiyo mzinga ukitolewa huwekwa mara moja ndani ya maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu. Hukaa humo muda mrefu, wakati mwingine ukipitishiwa umeme mdogo ili chumvi itoke. Baadaye hukaushwa na kupakwa nta.

Mbao nazo hubaki na umbo kwa sababu zimejaa maji. Maji yakitoka ghafla, hujikunja na kupasuka. Dawa inayofanana na nta, iitwayo polietilini glaikoli, huingizwa polepole ichukue nafasi ya maji. Vyungu na sahani huloweshwa katika maji baridi yasiyo na chumvi, yanayobadilishwa tena na tena. Chumvi ikibaki ndani, hugeuka chembe ngumu zinazobandua rangi na kung'oa uso wa chombo.

Mwananchi afanye nini?

Mabaki ya kale hayaishii ndani ya kuta za Fort Jesus. Fundi anayechimba msingi au shimo la choo Mji wa Kale, au mvuvi ambaye wavu wake umenasa chuma kizito, anaweza kukutana nayo kabla ya mtaalamu yeyote. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha akiolojia kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa alipokiona.

Wananchi wanahimizwa kuzingatia haya:

- Simamisha uchimbaji mahali hapo na usikisogeze kitu.
- Piga picha na uandike mahali kilipo.
- Usikwangue kutu, usisugue, usipake mafuta.
- Ikiwa kimekwisha kutoka baharini, kiache ndani ya maji, usikianike juani.
- Usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wala wa vitu vya kale.
- Toa taarifa katika ofisi ya makavazi iliyo karibu. Kwa wakazi wa Mombasa, ni Fort Jesus.

Mzinga uliouzwa kwa kilo huyeyushwa siku moja, na habari uliyobeba kwa miaka 300 haipatikani tena.