Wimbo Usiopigwa na Mkono Wowote

Wanawake watatu wakisimama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, anayepita nje ya ua husikia mtwango wa kasi ambao hakuna hata mmoja wao anayeutwanga. Kila mmoja anainua na kushusha mchi kwa mwendo wa kawaida wa kazi. Kasi inazaliwa pale mchi wa pili unapoingia kwenye mwanya ulioachwa na wa kwanza, na wa tatu ukadaka mwanya uliobaki. Sasa rekodi mtwango huo, mpelekee mtu asiyewahi kuona kinu, umwombe aurudie. Atahangaika kutafuta mtwangaji mmoja mwenye mkono wa ajabu, kwa kuwa sikio limempa matokeo likamnyima kazi iliyoyazaa. Hilo ndilo tatizo la rekodi nyingi za ngoma zetu za asili, na linastahili kujadiliwa kwa sababu tumezoea kusema kwamba ngoma ikisharekodiwa imehifadhiwa. Iliyohifadhiwa ni sauti. Ujuzi wa kuipiga mara nyingi umebaki mikononi mwa mpigaji, naye amezeeka au amekwisha kuondoka.

Mfano ulio wazi kabisa ni entenga, ngoma za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda nchini Uganda. Seti moja ya entenga ina ngoma 15 zilizopangwa kwa ukubwa. Kati yake, 12 zimewambwa na kupatanishwa sauti kama vibao vya marimba, katika ngazi ya noti tano ambayo ikiisha huanza upya kwa sauti ya juu zaidi, na wapigaji wanne huzigawana. Tatu zilizobaki, zile kubwa, hushikwa na watu wawili na ndizo zinazobeba mdundo wa chini. Asikiaye entenga kwa mara ya kwanza kwenye santuri hudhani ni marimba yaliyofunikwa blanketi: kuna wimbo kamili, unaopanda na kushuka, lakini kila noti ina kishindo cha ngozi. Hazikuwa ngoma za harusi wala za sokoni. Zilikuwa za ikulu ya Mengo, na waliozipiga walikuwa watumishi wa Kabaka, waliofunzwa kwa kuketi kando ya waliowatangulia.

Namna ya kuzipiga ndiyo ileile ya amadinda, marimba makubwa ya Kiganda yenye vibao 12, na ni rahisi kuieleza kwa amadinda kwa sababu wapigaji wake ni watatu tu. Wa kwanza anaanza na mfululizo wa noti zilizoachana sawasawa; kazi hiyo huitwa okunaga. Wa pili, anayeketi upande wa pili akimtazama, anaingiza mfululizo wake katikati kabisa ya kila noti ya mwenzake. Hiyo ni okwawula, yaani kugawa. Kila mmoja ana wimbo wake, na wimbo huo ukisikika peke yake hauna ladha kubwa. Ikichanganyika mifululizo miwili, mapigo yanafika mia kadhaa kwa dakika, na hapo sikio la binadamu, ambalo haliwezi kufuata kila pigo kwa mwendo huo, linaanza kuzikusanya noti kwa urefu wa sauti: za juu na za juu, za chini na za chini. Nyimbo mpya zinachomoza ambazo hakuna aliyezipiga. Mpigaji wa tatu kazi yake ni kuzisikiliza. Anazidaka noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, zilizopigwa kwa bahati ya mchanganyiko na wenzake wawili, na kuzirudia kwenye vibao viwili vya juu kabisa. Huyu anapiga kivuli cha wenzake, na asipolijua sikio la Kiganda hawezi kuanza.

Mwanamuziki na mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa wasomi katika jarida la African Music mwaka 1962. Jinsi alivyoligundua ina uzito mkubwa katika hoja yangu. Hakuligundua kwa kusikiliza santuri. Alifika Uganda mwishoni mwa 1959 akawa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mmoja wa wanamuziki wa Kabaka, akashika vipigio mwenyewe. Akiwa amekaa hapo ndipo alipotambua kwamba anachokisikia hakifanani na anachokipiga, wala na anachokipiga jirani yake. Kuna jambo jingine ambalo mashine haiwezi kumwambia mgeni. Nyimbo zinazochomoza kwenye mchanganyiko humletea msikilizaji wa Kiganda maneno, maana Luganda ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana. Anayeijua lugha husikia sentensi ndani ya ngoma, na mwimbaji huweza kuitoa hadharani. Asiyeijua husikia ngoma tu, hata akiwa na spika za bei gani.

Rekodi zenyewe zipo, na ni nzuri. Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanyia kazi kubwa ya maisha yake kusini mwa Afrika, alifika Uganda mwaka 1950 na tena 1952 akarekodi wanamuziki wa ikulu, wapiga entenga wakiwemo. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Roodepoort, ambayo baada ya kifo chake ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, na mfululizo wake wa santuri ulipita 200. Miaka hiyohiyo Klaus Wachsmann, mkimbizi kutoka Ujerumani aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi nzima na kinasa sauti chake. Tuwape haki yao: walipima, waliandika majina ya ala, walijali. Hata hivyo kanda yao ilichukua kilichofika kwenye maikrofoni, na kilichofika kwenye maikrofoni ni mtwango wa michi mitatu kwa pamoja.

Kisha historia ikaleta mtihani. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Muteesa II alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilikuwa imekwisha kuzifuta falme. Wapigaji walitawanyika, ala nyingi zikapotea, na nyumba ambamo ufundi ule ulirithishwa ikafungwa. Amadinda ilinusurika kwa sababu ilikuwa imetoka nje ya ukuta wa ikulu: Muyinda na wenzake waliifundisha kwenye makumbusho na shuleni. Entenga haikuwa na mlango wa pili. Falme ziliporejeshwa mwaka 1993 na Ronald Mutebi II kutawazwa, palikuwa na Kabaka, palikuwa na ikulu, na palikuwa na kanda. Rekodi za ikulu za 1950 na 1952 zilitolewa hata kwenye CD mwaka 1998, mtu yeyote mwenye fedha akaweza kuzinunua. CD hiyo peke yake haikurudisha entenga.

Iliyoirudisha, katikati ya miaka ya 2010, ni juhudi iliyoongozwa na James Isabirye, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, kwa ushirikiano na mradi wa Singing Wells unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla ya London. Ngoma mpya zilitengenezwa, rekodi za Tracey zikasikilizwa. Lakini tukio lililoamua mambo lilikuwa kupatikana kwa mzee mmoja, miongoni mwa wachache sana waliobaki, ambaye aliwahi kupiga entenga ikuluni. Yeye ndiye aliyewaonyesha vijana nani anaanza, nani anaingia wapi, nani anaketi upande gani. Miaka michache zaidi ya kuchelewa, na kanda za Tracey zingebaki kitendawili kizuri kisicho na mteguaji.

Msomaji makini atapinga hapa: mzee huyo naye, bila kanda, angefanya nini? Karibu nusu karne ilikuwa imepita tangu ngoma zile zinyamaze. Kumbukumbu hufifia, na mwalimu mmoja hawezi kuwa wapigaji sita. Pingamizi hili lina haki, na nalikubali karibu lote. Rekodi ilikuwa shahidi wa kasi, wa upatanisho wa sauti za ngoma, wa mpangilio wa wimbo. Palipotokea shaka, ilisikilizwa tena. Nisichokubali ni kuiita mwalimu. Shahidi huhitaji mtu wa kumhoji, na wa kuihoji kanda ya entenga ni yule tu anayejua swali la kuuliza. Mzee na kanda walikamilishana, lakini hawakuwa sawa: mzee bila kanda angefundisha kitu pungufu, kanda bila mzee isingefundisha kitu.

Pingamizi la pili ni la watu wa kompyuta. Watasema siku hizi kuna programu zinazotenganisha sauti ya mwimbaji na gitaa, basi zitatenganisha na ngoma. Zinatenganisha vizuri sauti zisizofanana. Wapigaji wa okunaga na okwawula hupiga ngoma zilezile, kwa vipigio vya aina ileile. Tofauti yao pekee ni nani ameshusha mkono sasa hivi. Inawezekana kukisia, na kwa wimbo ambao kanuni zake zinajulikana kukisia huko kunaweza kuwa sahihi. Lakini kanuni hizo zilipatikana kwa watu. Hata watafiti wa enzi ya kanda walilijua tatizo hili na kulitafutia dawa. Simha Arom, aliyerekodi huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliwarekodi wapigaji wote pamoja kwanza, kisha akamvika kila mmoja vipokea sauti vya masikioni ili ausikie mchanganyiko huku akirekodiwa akipiga sehemu yake peke yake. Kubik naye, kule kaskazini mwa Msumbiji, alipiga picha za sinema za mikono ya wapiga marimba, akazisoma picha moja baada ya nyingine kujua nani amegusa kibao gani na lini. Wote wawili walifikia hukumu ileile: sikiliza, lakini pia tazama mkono, tena mmoja mmoja.

Wako pia wasemao kwamba tuache kulilia kanda za wakoloni, ngoma iliyo hai hubadilika, na ya kufa ife. Nusu ya hoja hiyo naipenda. Tracey alichagua alichokiona kuwa halisi na kukikwepa alichoona kimechafuliwa na mji, na uchaguzi huo ulikuwa wake, si wa wapigaji. Lakini entenga haikufa kwa kubadilika wala kwa kuchosha wasikilizaji. Ilinyamazishwa kwa bunduki, na kilichonyamazishwa hivyo kina haki ya kurudi kabla ya kuamua kitabadilikaje. Na sauti iliyoachwa peke yake haibaki salama, huwa mali ya anayeiokota. Ngoma za Burundi zilirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967. Mwaka 1971 rekodi hiyo iliwekewa piano na gitaa na kuuzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black, na mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, akaitumia chini ya wimbo wake The Jungle Line. Ulimwengu mzima ukacheza mdundo wa Burundi bila kumjua mpigaji hata mmoja. Ngoma hizo hazikuokolewa na santuri. Ziko hai kwa sababu watoto wa Burundi walikua wakiwatazama baba zao wakizipiga, hadi UNESCO ilipoziorodhesha mwaka 2014.

Leo kila harusi, jando na msiba una simu kumi zinazorekodi. Karibu zote zinaelekezwa kwa wachezaji, au kwa bibi harusi, na ngoma inasikika kwa mbali kama mvua juu ya bati. Vumi, chapuo na msondo vinaingia kwenye simu kama kelele moja, na miaka 50 ijayo mjukuu atakayeifungua video hiyo atakuwa pale alipokuwa mnunuzi wa ile CD ya 1998. Kuzuia hilo hakuhitaji fedha za mfadhili. Ngoma ikipumzika, ngozi zikiota moto, mwombe mpiga chapuo apige peke yake kwa dakika mbili, simu ikiwa juu ya mikono yake, kisha mpiga vumi, kisha wote. Mwulize anaingia wapi, na mwenzake akikosea yeye hufanya nini. Mwulize nani alimfundisha, naye ataje jina lake mwenyewe kwa sauti, ndani ya rekodi hiyohiyo. Anza na aliye mzee kuliko wote.