Toronto ya Wairishi: gati, makaburi na majabali ya ziwani

Familia nyingi za kwetu, ziwe za Maskati au Dubai, zikienda Toronto huwa na safari mbili tu kichwani: kumpeleka mtoto chuoni na kwenda kuona maporomoko ya Niagara. Wanapanda mnara wa CN, wanapiga picha, basi. Mimi nilibaki na siku nne mikononi wakati binti yangu anahangaika na usajili, nikaamua kuutembea mji kuanzia bandarini.

Panda treni ya barabarani namba 509 kutoka stesheni ya Union, ushuke karibu na mtaa wa Bathurst, kisha uteremke kwa miguu hadi ziwani. Watoto wa miaka 12 kwenda chini hawalipi. Pale, chini ya maghala marefu ya zege yaliyokuwa ya shayiri, kuna kibustani kidogo kiitwacho Ireland Park. Watu wanakipita mbio kwenda uwanja wa ndege wa kisiwani, hata hawageuzi shingo. Ndani yake kuna sanamu tano za shaba, watu waliokonda mpaka mifupa inahesabika. Mwanamke mmoja yuko chini kalala. Mwengine ana mimba, kashika tumbo lake. Yuko mtoto yatima, na mwanamume mwenye wasiwasi. Wa tano kanyanyua mikono juu, kafurahi kuiona nchi kavu.

Aliyezitengeneza ni Rowan Gillespie, na sanamu wenzao ziko Dublin, kwenye gati ya mto Liffey. Zile za Dublin zinaelekea melini, hizi za Toronto ndio zimefika. Bustani ilifunguliwa mwaka 2007 na aliyekuwa Rais wa Ireland, Mary McAleese.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliteketeza viazi vya Ireland, na viazi ndivyo vilikuwa chakula cha maskini. Walikufa kiasi cha watu milioni moja, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Mwaka 1847 Sultani Abdulmejid wa Dola ya Uthmania aliwapelekea pauni 1,000, jambo ambalo Wairishi wanalikumbuka mpaka leo. Waliobaki na nguvu walipanda majahazi ya mbao ya mizigo kuja Kanada. Kwanza walisimamishwa Grosse Île, kisiwa cha karantini kwenye mto St. Lawrence, kama kile cha Changuu kilivyokuja kutumika Unguja baadaye. Huko walizikwa zaidi ya watu 5,000 kwa mwaka ule mmoja.

Toronto wakati huo ilikuwa na watu kama 20,000 tu. Mwaka 1847 walishuka gatini wageni 38,560, wengi wao wana homa ya chawa. Hebu fikiria Matrah ya zamani ikipokea wageni karibu mara mbili ya wenyeji, wagonjwa, katika msimu mmoja! Mji ulijenga mabanda ya mbao karibu na hospitali ya wahamiaji, pale zinapokutana barabara za King na John. Daktari mkuu wa hospitali ile, George Grasett, aliambukizwa akafa mwezi wa Julai. Askofu wa Kikatoliki, Michael Power, aliyekuwa akiwazungukia wagonjwa, akafa Oktoba. Wahamiaji waliokufa mjini walizidi 1,100.

Nyuma ya sanamu kuna ukuta wa mawe meusi yaliyoletwa kutoka Kilkenny, Ireland. Chungulia kwenye nyufa zake, utaona majina yamechongwa: waliokufa, kila mmoja kwa jina lake. Yalipofunguliwa yalikuwa 675. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Wasomaji wengi wa hapa wana bibi au babu aliyevuka bahari kwa jahazi, akenda Unguja au akarudi Omani, na wapo walioondoka hawakufika. Sisi ukuta wetu uko wapi? Kwetu majina yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Wairishi walizidi kumiminika mpaka Toronto ikapewa jina la Belfast ya Kanada. Na si kwa wema tu. Ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki nao ulivuka bahari, na kwa miaka mingi kazi za manispaa zilikuwa mikononi mwa chama cha Orange, Mkatoliki anatizama tu. Mtaa wao wa zamani, Corktown, uko mashariki ya mji. Humo iko skuli ya Enoch Turner ya mwaka 1848, ya mwanzo mjini kusomesha watoto bure. Humo humo waliishi Thornton na Lucie Blackburn, mume na mke Waafrika waliotoroka utumwa Kentucky, wakaanzisha gari ya kwanza ya abiria ya kukodi mjini. Waonesheni watoto.

Sasa upepo na maji. Feri za visiwani zinaondoka chini ya mtaa wa Bay, na visiwa vyenyewe vilikuwa rasi mpaka dhoruba ya mwaka 1858 ilipoikata. Shukieni Centre Island au Ward's Island. Hanlan's Point familia waiache, kwa sababu upande ule kuna ufukwe ambao watu wanaruhusiwa kuvua nguo zote, na wanavua kweli! Kutoka Centre tembeeni magharibi mpaka mnara wa taa wa Gibraltar Point, uliojengwa mwaka 1808. Mlinzi wake wa kwanza, J.P. Radelmüller, aliuawa mwaka 1815, na watu wanasema bado anatembea usiku. Wanangu walitaka kungoja magharibi waone. Mimi nilitaka feri.

Siku ya mwisho nendeni Scarborough Bluffs, majabali ya udongo na mchanga yanayofika mita 90 juu ya Ziwa Ontario. Ng'ambo huoni, utadhani ni bahari ya Qurum, ila harufu ya chumvi hakuna. Tafadhali, juu ukingoni msisogee hata kwa picha moja. Udongo unamong'onyoka, na kila mara zimamoto huitwa kuokoa watu walionasa. Teremkeni chini Bluffer's Park, ambako pana ufukwe, vyoo na nafasi ya kutandika mkeka. Bebeni koti hata ikiwa Juni. Upepo wa ziwa lile haujali kalenda.