Fahamu: Je, vikwazo vya kiuchumi hufua dafu?

Barabara inayopita Uriri kwenda Isebania hubeba bidhaa kati ya Kenya na Tanzania. Njia kama hiyo ikifungwa makusudi ili kuishinikiza serikali fulani, hicho ni kikwazo cha kiuchumi.

Je, kanda yetu imewahi kujaribu?
Ndiyo. Julai 25, 1996, Pierre Buyoya alitwaa madaraka Burundi kwa mapinduzi. Siku sita baadaye, nchi za kanda, Kenya ikiwemo, ziliafikiana Arusha kuiwekea vikwazo.

Vilifaulu nini?
Kufikia Septemba, Buyoya alikuwa amerejesha bunge na kuruhusu vyama vya siasa. Baadaye serikali yake iliketi na baadhi ya waasi waliokuwa wakipigana nayo, kwenye mazungumzo ya Arusha, chini ya Mwalimu Julius Nyerere.

Vilishindwa wapi?
Buyoya hakung'oka. Bei za mafuta na bidhaa zilipanda, walanguzi wa magendo wakanona, na mwananchi wa kawaida akaumia. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukatiwa saini Agosti 2000.

Funzo ni lipi?
Vikwazo huweza kumleta mtawala mezani, majirani wakishikamana na kudai jambo mahsusi. Kumng'oa ni shughuli nyingine.