Je, Wajua? Mababu Ishirini Kichwani

Je, wajua kwamba kule Lafey, Kaunti ya Mandera, mtoto ambaye bado anang'oka meno ya utoto anaweza kukutajia mababu zake kumi, kumi na watano, hata ishirini, bila kushika karatasi? Anaanza na jina lake, la babake, la babu, la baba wa babu, kisha anateremka nayo kama aliyepewa wimbo. Hebu jaribu wewe hapo ulipo. Umefika wa ngapi?

Hesabu hiyo Wasomali, wenyeji wa huko, huiita abtirsi. Chukua vizazi 20, kadiria miaka 30 kwa kila kizazi, unapata miaka 600. Yaani mtoto huyo anapita kituo cha Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, na bado ana majina mkononi!

Na ngoja. Wajua kwamba Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972? Ndiyo, 1972, Kenya ikiwa imeshajitawala miaka tisa. Orodha hizo zote za majina zilikuwa zimesafiri karne kwa karne zikibebwa na vichwa vya watu na migongo ya ngamia.

Utauliza, nani anahakiki? Wote! Wageni wawili wakikutana kisimani, mmoja anataja: Ali wa Abdi, wa Hassan, wa Ibrahim, wa Yusuf. Mwenzake naye anataja wake. Wakigongana kwa Yusuf mmoja, undugu umepatikana, tena wanajua ni wa umbali gani hasa. Ukidanganya jina moja utanaswa, maana mamia ya watu wengine wana jina hilohilo katika orodha zao na wanajua nani alimzaa nani.

Mtaalamu I. M. Lewis, aliyeandika kitabu maarufu kuhusu wafugaji wa Kisomali mwaka 1961, aliona jambo hili akalinganisha nasaba ya Msomali na anwani ya nyumba kule Ulaya. Taja mababu, watu wanajua pa kukupeleka. Mie naona anwani hiyo ina faida moja kubwa: huhami nayo, inahama nawe.

Sasa shika hii. Kwa desturi, fidia ya kumuua mwanamume ni ngamia 100. Mia moja! Hakuna mtu wa kawaida mwenye zizi hilo, kwa hiyo wanaochanga ni ndugu waliotokana na babu mmoja wa vizazi vinne hadi vinane nyuma. Umeona kwa nini mtoto hafundishwi majina kwa mchezo? Siku ya kuchanga, au siku ya kulipwa, lazima ijulikane nani yumo na nani hayumo.

Unadhani hayo ni mambo ya jangwani tu? Wajua kwamba watu wa Wales, kule Uingereza kwenye mvua na kondoo, walikuwa na sheria karibu sawa? Katika sheria zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda, aliyefariki karibu mwaka 950, fidia ya damu ilitozwa ukoo mzima, hadi ndugu wa mbali, na ilihesabiwa kwa ng'ombe. Ngamia huku, ng'ombe kule. Mkuu wa Lafey na mkuu wa Wales wangeelewana kabla chai haijapoa.

Tena kuna padri mmoja, Gerald wa Wales, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 12 kwamba hata mtu wa kawaida kabisa wa nchi yake alijua nasaba yake hadi babu wa sita au wa saba. Leo hii wajukuu wa watu haohao wanalipa pesa na kupekua vitabu vya kanisa kumtafuta babu wa nne!

Na majina yao, je? Wajua kwamba zamani Mwelshi hakuwa na jina la ukoo? Aliitwa fulani "ap" fulani, yaani mwana wa fulani, kama vile Msomali anavyofuatisha jina la baba. Baadaye Waingereza wakawabana, "ap" ikagandana na jina: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Richard akawa Pritchard. Wengine wakaangukia Jones, na mpaka leo akina Jones kule ni wengi kupita kiasi. Kumtafuta babu anayeitwa John Jones katika kitabu cha ubatizo cha Wales ni sawa na kusimama sokoni Garissa ukaita "Mohamed!"

Wasomali tatizo hilo wamelimaliza kwa majina ya utani. Mohamed Mrefu, Mohamed Mfupi, Mohamed Kigugumizi, na hakuna anayenuna. Wajua kwamba aliyekuwa rais mzima wa Somalia, Mohamed Abdullahi Mohamed, anajulikana dunia nzima kwa jina Farmaajo, linalotokana na neno la Kiitaliano la jibini? Mohamed mwanzo, Mohamed mwisho. Bila jibini ungempata vipi?

Kitambulisho nacho ni chuo. Ukimwona Mkenya wa Lafey ana majina matatu kwenye kitambulisho, wajua umesoma vizazi vitatu? La kwanza lake, la pili la baba, la tatu la babu. Mke haachi majina ya babake anapoolewa. Kwa hiyo baba, mama na mtoto wanaweza kupanga foleni uwanja wa ndege wote watatu wana jina la mwisho tofauti, na ni familia moja halali kabisa. Mfafanulie hilo afisa wa uhamiaji wa Ulaya!

Haya, tuingie kwenye vitabu vyenyewe vya kanisa. Wajua kwamba makasisi wa Uingereza na Wales waliamriwa kuandika kila ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538? Aliyetoa amri ni Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Kule Wales vitabu vingi vya mwanzo vilipotea, kwa hiyo parokia nyingi rekodi zake zinaanza karne moja au mbili baadaye. Panya hawakusoma amri ya Cromwell.

Hapa pana mtego mtamu, sikiliza. Hadi mwaka 1752, mwaka mpya kwa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta wachumba wamefunga ndoa Aprili 1740 na mtoto kabatizwa Februari 1740, usikimbilie kuguna! Februari hiyo ilikuja baada ya Aprili. Mtoto ni wa miezi kumi baada ya harusi, na bibi harusi hana doa.

Na mwaka huohuo wa 1752 waliporekebisha kalenda, watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Siku 11 zilifutwa. Hakuna mtu aliyezaliwa, kuoa wala kuzikwa tarehe 7 Septemba 1752 nchini Uingereza. Ukioneshwa cheti cha huko chenye tarehe hiyo, ni cha kughushi.

Kenya tulianza lini? Uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza mwaka 1904, lakini kwa Wazungu. Kwa wananchi wote wa nchi nzima tukasubiri hadi 1971. Ndiyo maana wazee wengi wa Lafey hawana tarehe ya kuzaliwa, wana tukio. Ukame mkali wa 1974 na 1975 una jina lake kabisa kwa Wasomali, Dabadheer, na mama akikwambia mwanawe alizaliwa Dabadheer, amekupa mwaka. Hata makarani wa sensa hubeba orodha ya matukio ya kila eneo ili kumkadiria mtu umri.

Jina lenyewe pia linaweza kuwa cheti. Jimale mara nyingi alizaliwa Ijumaa. Roble mvua ilikuwa inanyesha. Gedi alizaliwa safarini, ngamia wakiwa wamefungwa mizigo.

Wanaokosa tarehe hupewa moja ofisini. Wajua kwamba maelfu kwa maelfu ya Wasomali waliohamia Marekani wote "walizaliwa" tarehe 1 Januari? Nenda Minneapolis mwaka mpya ukawapongeze kwa mkupuo.

Sasa hili halichekeshi sana, ila ni la kushangaza. Novemba 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wote wazima wakaguliwe upya uraia wao. Waliopita walipewa kadi ya ziada, rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Na kwa miaka mingi kijana wa Lafey akitaka kitambulisho alipaswa kusimama mbele ya kamati ya machifu, wazee na maafisa wa usalama aeleze yeye ni wa nani, wakati mwenzake wa Nyeri anajaza fomu na kwenda zake. Amri ya kuondoa uhakiki huo wa ziada ilitiwa sahihi Wajir, Februari 2025. Juzi tu hapo!

Kuna waliokwama pabaya zaidi. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, Wakenya wengi wenye njaa walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula. Alama za vidole zikabaki kwenye kompyuta. Miaka ikapita, wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema hawa ni wakimbizi. Waliokumbwa wanakadiriwa kufika 40,000. Mtu anataja mababu 20 bila kupepesa, kidole kimoja kinamkana.

Geuza upande. Miaka ya 1930 Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokaa Kenya waliandika barua hadi London wakidai kulipa kodi KUBWA zaidi. Umesoma sawasawa. Walitaka kodi ya Waasia ili wapate hadhi yao, kwa hoja kwamba nasaba yao inaishia kwa sheikh kutoka Uarabuni. Wewe ukoo wako umewahi kukugharimu hivyo?

Pwani nako kuna maajabu. Mchungaji William Jones wa Rabai, jina lake la Kiwelshi tupu, sivyo? Alikuwa Mwafrika aliyetekwa utotoni, akaokolewa, akalelewa India kwa wamishonari, kisha akarudi Mombasa. Ndiye aliyeongoza msafara uliosalia kurudi pwani baada ya Askofu Hannington kuuawa Busoga mwaka 1885. Kwa watumwa wengi waliokombolewa kama yeye, wa makazi ya Freretown na Rabai, kitabu cha ubatizo ndicho ukurasa wa kwanza wa ukoo, maana majina ya nyuma yalibaki huko walikotekwa.

Tena Wasomali nao wako Wales! Mabaharia wao walianza kuishi Cardiff karne ya 19, baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, wakafanya kazi ya kuchochea makaa melini. Wengine walioa huko huko. Kwa hiyo yuko Mwelshi leo ambaye upande mmoja anatafuta babu kanisani na upande wa pili anasomewa mababu 20 na ami yake sebuleni. Atamaliza upi kwanza? Mie pesa zangu naweka kwa ami.

Umegundua nani hajatajwa kote huku? Akina mama! Ukifika kizazi cha 20 una nafasi za mababu na mabibi 1,048,576, na abtirsi inakutajia mmoja tu kati yao. Lakini usikimbilie kuwacheka wafugaji. Vyeti vya ndoa vya Uingereza na Wales viliandika jina la baba peke yake tangu 1837, na jina la mama likaruhusiwa Mei 2021. Miaka 184!

Na huko kwa Wasomali mama hakufutwa kabisa, kajificha. Mzee akiwa na wake kadhaa, watoto hujipanga kwa mama zao, na baada ya vizazi vingi tawi zima la ukoo linabeba jina la upande wa mama. Koo kubwa za kaskazini zinazoanza na Habar, kama Habar Awal, zimejiita hivyo kwa ajili ya mama.

Sayansi nayo ilipima. Mwaka 2005 watafiti walitangaza matokeo ya DNA ya wanaume Wasomali 201, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Zaidi ya robo tatu walikuwa wa tawi moja la upande wa baba. Ungeweza kuwauliza wazee wa kisimani bure.

La mwisho, hili nalipenda kuliko yote. Ukimwita mzee wa Lafey "adeer", yaani ami, wajua atakujibu nini? "Adeer!" Mama naye anamwita mwanawe "hooyo", mama. Mkubwa anamrudishia mdogo cheo chake mwenyewe, na kila mtu anajua nani hasa ni ami wa nani. Ila wewe mgeni, ukisikia mtoto wa miaka minne anaitwa "mama" na mtu mzima, usianze kuandika nasaba siku hiyo.