Daftari Kwanza, Kisha Maktaba

Pale mpakani Kasindi mzigo hautakiwi kuvuka kabla ya kuhesabiwa na kuandikwa. Je, mali ya watu wote itokapo mikononi mwao na kuingia mikononi mwa mfanyabiashara, haifai kuhesabiwa vivyo hivyo?

Sikieni yaliyotokea Santa Clarita, mji wa jimbo la California huko Marekani. Mwaka 2010 baraza la mji liliamua kuzitoa maktaba zake 3 katika utunzaji wa wilaya ya Los Angeles, na kuikabidhi kampuni iitwayo LSSI iziendeshe kwa malipo. Maktaba zilibaki mali ya umma, na kusoma kulibaki bure. Hata hivyo wakazi wengi walipinga. Hofu yao ilikuwa hii: kampuni hutafuta faida, na faida hiyo itatoka wapi ila katika kodi yao, au katika mishahara ya watunza vitabu? Hawakushinda, mwaka 2011 kampuni ilianza kazi.

Lakini kilio chao hakikupotea bure. Mwaka ule ule California ilitunga sheria: mji utakaotaka kufanya kama huo sharti uwatangazie watu mapema, na kuonyesha kwa hesabu akiba itakayopatikana. Na mwaka 2018 Santa Clarita yenyewe ilianza kuziendesha maktaba zake bila kampuni.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, atakaye kukabidhiwa mali ya umma na alifungue daftari kwanza, mbele ya watu wote.