Kifundo cha Mkono Kikiumia, Usiharakishe Kukikanda

Mtu aangukapo hutanguliza kiganja. Mkulima wa Shimba Hills hufanya hivyo akiteleza kwenye tuta lenye matope au akidondoka kutoka mkoroshoni. Na wenzetu wa Mkwiro, kule mashariki ya Kisiwa cha Wasini, hufanya vivyo hivyo wakikosea hatua juu ya matumbawe. Uzito wote wa mwili huishia kwenye kifundo cha mkono. Tena kifundo hicho si mfupa mmoja, kama wengi wanavyodhani. Kina mifupa midogo 8, iliyokaa mfano wa kokoto mbele ya ncha za mifupa miwili mirefu ya mkono.

"Nimeteguka tu," atasema aliyeanguka. Basi huitwa mzee mwenye mafuta ya nazi, mkono ukakandwa na kuvutwa. Hapo ndipo hasara nyingi zinapoanza. Ikiwa kano zimeumia, kukanda siku za kwanza huzidisha uvimbe. Na ikiwa mfupa umevunjika, kuuvuta huenda kukauhamisha mahali pake.

Yafaa kwanza kuvua pete na bangili upesi, kabla vidole havijavimba. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa muda wa dakika 15 au 20, na urudie mara kadhaa kwa siku. Kisha funga gango: kipande cha ubao mwepesi au cha upongoo wa kuti, kilichozungushiwa nguo, kianzie kiganjani na kuishia karibu na kisugudi. Usikaze mno. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza mara moja. Utundike mkono shingoni kwa kanga, uende ukatazamwe.

Mkono uliopinda mfano wa mgongo wa uma umevunjika, wala hapana shaka. Daktari Abraham Colles wa Dublin alieleza jambo hilo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Lakini uko mvunjiko mwingine usiojionyesha, nao ndio wa kuogopwa zaidi. Nyosha kidole gumba juu, utaona kishimo kidogo penye shina lake. Ukianguka kisha kishimo hicho kikauma ukikibonyeza, jihesabu umevunjika hata kama uvimbe ni mdogo. Mfupa wa hapo hupata damu nyingi kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo kipande kilichokatika huweza kufa. Isitoshe, picha ya siku ya kwanza huenda isionyeshe kitu. Mganga atakufunga na kukuambia urudi baada ya siku 10 hadi 14.

Rudi! Twajua kwamba mtu wa Mkwiro hana budi kuvuka kwa chombo hadi Shimoni, kisha ashike njia ya Msambweni, na nauli ya safari ya pili huuma kuliko mkono wenyewe. Hata hivyo, asiyerudi huweza kubaki na mkono usioweza kuinua jembe miaka mingi.

Yako pia maumivu yasiyotokana na kuanguka. Akina mama wa Mkwiro wanaolima mwani hufunga vipande vyake kwenye kamba, kimoja kimoja, kwa msokoto ule ule wa vidole. Mkulima wa bara naye hupalilia au kufyeka kutwa nzima. Ficha kidole gumba ndani ya ngumi, kisha uinamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho. Ukisikia maumivu makali upande wa gumba, ala ya kano imevimba. Mama anayenyanyua mtoto mchanga mara kwa mara hupatwa na haya pia. Kipumzishe kidole hicho kwa gango majuma kadhaa. Yasipopoa, hospitali wana sindano yake.

Ganzi ya usiku katika gumba, kidole cha shahada na cha kati ni jambo jingine: mshipa wa fahamu unabanwa kifundoni. Waja wazito hulipata sana, na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Lala na gango linalonyosha kifundo. Ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya chini ya gumba ikinywea, usingoje.

Chunguza na vyombo vyako. Mpini mwembamba mno hukulazimisha kuukaza mkono, na panga butu hudai mapigo mawili penye moja. Linoe kila asubuhi, shika mpini kifundo kikiwa kimenyooka, na ukiisha kupalilia saa moja au mbili, fanya kazi nyingine kidogo kabla ya kuendelea.