Mfarishi wa vipande: Raha ya rangi, hesabu ya mishono

FUNDI cherehani anayekata vitenge vinne na kuviunganisha upya kuwa tandiko moja la kitanda anaweza kupoteza karibu theluthi moja ya kitambaa ndani ya mishono, bila kuibiwa wala kuharibu kazi. Asiyeiingiza hasara hiyo katika bei atauza kazi nzuri kwa hasara.

Tandiko hilo ni mfarishi wa vipande, kazi inayopendwa sana na washonaji wa Marekani na Ulaya. Hutaka vitambaa vichache, mkasi, pasi, cherehani na subira. Vyote hivyo vinapatikana katika baraza yoyote ya mafundi mjini Tabora.

KITAMBAA KILIKUWA FEDHA

Kwa Tabora, kuhesabu kitambaa si jambo geni. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kaze, kwenye eneo la Tabora ya leo, Novemba 1857, nguo ndizo zilizonunua chakula, zilizolipa wapagazi na zilizotolewa kama hongo kwa watemi wa njiani. Shuka moja ilikuwa mikono minne, yaani yadi 2. Doti moja ilikuwa mikono minane, yaani yadi 4.

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipiga hesabu Unguja kabla ya kuondoka. Aliambiwa kuwa watu 100 hulishwa kwa doti 10 kwa siku. Kwa miaka miwili alihitaji yadi 29,200: merikani yadi 16,000, kaniki yadi 8,000 na nguo za rangi yadi 5,200.

Mchanganyiko huo ulikuwa na sababu. Nguo iliyotakwa katika kituo kimoja ilikataliwa katika kingine, na mfanyabiashara aliyebeba aina moja tu aliweza kukwama njiani akiwa na mali tele. Mzigo wa nguo wa mpagazi uliitwa mtumba, neno ambalo wingi wake unajulikana leo katika kila soko la nchi hii.

Somo jingine lilitoka mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipunguza pamba na merikani iliyofika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi.

Ufundi wa kuunganisha vipande nao una historia yake pwani. Inasimuliwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa, sita kwa pamoja. Walizikata katika safu mbili za leso tatu tatu, wakazishona kuwa nguo moja pana ya kujifunga. Wauza nguo walipoona hivyo wakaagiza nguo pana iliyochapwa moja kwa moja, na ndiyo asili ya kanga. Soko liliwafuata washonaji, na jina la leso limebaki hadi leo.

JINSI INAVYOSHONWA

Mtindo wa kukutanisha vipande umepata umaarufu kupitia Mmarekani Ricky Tims, ambaye kitabu chake, Ricky Tims' Convergence Quilts, kilitoka mwaka 2003. Kanuni yake ni nyepesi.

Chukua miraba miwili ya vitambaa tofauti, kila mmoja wa sentimita 38. Kata wa kwanza katika vipande vya upana wa sentimita 11, 9, 8, 6 na 4. Kata wa pili kinyume chake: 4, 6, 8, 9 na 11. Kisha vipange kwa zamu, kimoja cha huku, kimoja cha kule, na uvishone.

Matokeo yake ni kwamba rangi ya kwanza huanza kwa nguvu na kupungua kidogo kidogo, huku ya pili ikikua hadi kutawala. Ukitazama kwa mbali utadhani rangi hizo zimechanganywa kiwandani, kumbe ni mkasi tu.

Kwa vitambaa vinne, miraba minne hupangwa kuwa mraba mmoja mkubwa. Vipande hukatwa na kuingiliana kwa upande mmoja kwanza, vikashonwa. Kitambaa kilichopatikana hugeuzwa, kikakatwa na kuingiliana tena kwa upande wa pili. Hapo ndipo raha inapoanza, kwa kuwa hata fundi mwenyewe hajui picha itakayotokea mpaka afungue kazi na kuipiga pasi. Vitambaa vile vile vikibadilishwa nafasi hutoa tandiko jingine kabisa. Ndiyo maana anayeshona mmoja huwa na hamu ya kujaribu wa pili.

MISHONO INAKULA KIASI GANI

Raha hiyo ina gharama. Fundi akiacha robo tatu ya sentimita kila upande wa mshono, kila mshono unakula sentimita moja na nusu. Vipande 10 vina mishono 9, hivyo sentimita 76 za mwanzo hubaki 62.5. Kazi ikirudiwa kwa upande wa pili, mraba wa 76 kwa 76 unakuwa wa 62.5 kwa 62.5. Eneo lililopotea ni asilimia 32.

Anayetaka vipande vyembamba zaidi apate vipande 20 badala ya 10 atakuwa na mishono 19 kila upande. Sentimita 76 zitabaki 47.5, na asilimia 61 ya eneo itakuwa imezama ndani ya mishono. Kazi itapendeza, lakini bei yake lazima iwe nyingine.

Muda nao uhesabiwe. Mraba mmoja wa vipande 10 kila upande una takriban mita 12.5 za mshono. Miraba sita, miwili kwa mitatu, inatoshea kitanda cha futi 4 kwa 6: ikishaunganishwa hutoa kiasi cha sentimita 123 kwa 184. Hizo ni mita 75 za mshono kabla ya kuiunganisha miraba hiyo, kuweka bitana na kupinda kingo. Fundi anayelipwa kwa bei ya kushona shuka la kawaida atakuwa ameonewa, na hatarudia kazi hiyo.

UPANA WA JORA

Penye nafuu kubwa ni upana wa kitambaa. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa miraba mitatu ya sentimita 38 kwa mkato mmoja. Fundi akiamua kutumia miraba ya sentimita 40 kwa kuwa namba hiyo ni rahisi kukumbuka, atapata miwili tu, na sentimita 35 zitabaki pembeni.

Kwa kitanda hicho cha futi 4 kwa 6 inahitajika miraba 24, sita kutoka kila kitenge. Kwa sentimita 38, kila kitenge hukatwa sentimita 76, na vyote vinne ni mita 3.04. Kwa sentimita 40, kila kimoja hukatwa mita 1.2, na vyote ni mita 4.8. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kuwa mita moja ni sh. 5,000, gharama ya kwanza ni sh. 15,200 na ya pili sh. 24,000. Tofauti ya sentimita mbili katika kupima ni tofauti ya sh. 8,800 katika mtaji.

Uchaguzi wa kitambaa nao una hasara na faida zake. Kitenge chenye maua yanayojirudia hukubali mkasi kuliko kanga, ambayo ina pindo, mji na jina. Jina likikatwa, maneno yaliyomfanya mteja aipende kanga hiyo yanatawanyika. Vitambaa vya uzito tofauti huvutana vikishonwa pamoja, na kinachochuja kitaharibu vyote vinne siku ya kufuliwa mara ya kwanza. Ni vema kila kitambaa kiloweshwe, kianikwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Mwanzoni kitambaa cheusi kiwekwe na cheupe, au chenye mwanga na chenye giza, kwa sababu rangi zinazofanana huficha kazi yote iliyofanyika.

KUPUNGUZA HATARI

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia iliyo salama zaidi ni kuanza na mraba mmoja wa kitambaa cha meza, si tandiko zima. Mabaki ya mafundi, ambayo mara nyingi huishia kujazia mito, yanaweza kutumika yakiwa na upana wa kutosha, maana kipande cha sentimita 4 kilichokatwa kutoka bakini hakina tofauti na kilichokatwa kutoka jora jipya.

Njia ya pili ni mteja kuja na vitambaa vyake. Familia nyingi zina vitenge na kanga za harusi, za uzazi na za misiba ambazo hazivaliwi tena lakini haziwezi kutupwa. Hapo fundi anauza kazi yake, uzi na bitana peke yake. Mtaji wa kitambaa hauko mikononi mwake, na theluthi inayoliwa na mishono haitoki mfukoni mwake. Inafaa tu mteja aelezwe mapema, tena kwa futi mkononi, kwamba nguo atakazoleta zitarudi zikiwa pungufu.